Flenji ya bomba la maji hubeba mzigo kiasi gani kabla ya kuvuja?

Vijiji vingi vinavyozunguka Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni na Oldonyosambu hadi Akheri, Poli na Ngarenanyuki, vinategemea maji ya mserereko. Maji yanadakwa juu kwenye chemchemi au kijito, kisha yanateremka yenyewe kwenye bomba bila pampu. Masika yakikolea, swali linalorudi ni lile lile. Bomba halijapasuka, bolti zote zipo na gasketi ilibadilishwa juzi juzi tu. Kwa nini flenji inavuja tena? Na kwa nini inavuja usiku wa manane, halafu mchana inaonekana imepona?

Jibu fupi ni kwamba flenji ina kiwango cha presha inachoweza kuvumilia, na kiwango hicho hakitumiwi na maji peke yake. Bomba linaloning'inia baada ya udongo kuchukuliwa na mafuriko linatumia sehemu yake. Bomba lililovutwa kwa nguvu ili matundu ya bolti yakutane linatumia sehemu nyingine. Usiku, vilula vyote vikiwa vimefungwa, presha ya maji inapanda hadi mwisho wake na kumalizia kilichobaki. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kupiga hesabu hiyo kwa kikokotoo cha simu. Wahandisi wana njia ndefu zaidi, lakini hii ya kawaida inatosha kumwonyesha fundi wa kijiji kama tatizo ni gasketi au ni mzigo.

Si jambo dogo kwa watu wa huku. Miamba ya volkano ya Meru huingiza madini ya floraidi kwenye maji ya baadhi ya mito, visima na chemchemi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na yapo maeneo ya Arumeru ambako maji ya karibu yamepita kiwango hicho kwa mbali. Ndiyo sababu pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na ndiyo sababu baadhi ya mabomba yanatoka mbali kufuata chanzo chenye maji salama. Bomba la namna hiyo likizimwa kwa wiki mbili kwa sababu ya flenji, watu wanarudi kwenye maji ya karibu. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu floraidi haiondoki kwa moto. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki.

Flenji inavyofanya kazi

Flenji ni sahani ya chuma ya mviringo iliyochomelewa kwenye ncha ya bomba au kuumbwa pamoja na koki. Flenji mbili zinakutana uso kwa uso, katikati inawekwa gasketi ya mpira, na bolti zinazibana. Utaiona kwenye chemba za koki, kwenye kidakio, kwenye tenki, na mahali ambapo bomba la chuma linavuka korongo kabla ya kuungana na la plastiki.

Wengi hudhani kazi ya bolti ni kuzuia bomba lisiachane tu. Hilo ni kweli nusu. Kazi kubwa ya bolti ni kuibana gasketi kwa nguvu kuliko maji yanavyojaribu kuifungua. Flenji ikivuja, mara nyingi bolti hazijakaribia hata kidogo kukatika. Kilichotokea ni kwamba mahali fulani kwenye duara la gasketi mbano umepungua hadi maji yakapata njia. Kwa hiyo tunapouliza flenji inabeba mzigo kiasi gani, tunauliza ni mzigo gani utailegeza gasketi upande mmoja.

Pembeni mwa flenji nzuri kuna maandishi yaliyogongwa. PN 10 maana yake imetengenezwa kwa presha ya bar 10, na PN 16 ni bar 16. Bar moja ni karibu kilo moja inayosukuma kila sentimita mraba. Maji yaliyosimama kwenye bomba huongeza bar moja kwa kila mita 10 za kushuka. Tenki likiwa mita 80 juu ya chemba yako, kwa kimo na si kwa urefu wa bomba, presha kwenye chemba usiku ni bar 8.

Tunasema usiku kwa sababu mchana maji yanatembea, na maji yanayotembea hupoteza presha kwa kusuguana na bomba. Anayepima mchana akakuta bar 5 akaridhika, amepima kitu kingine. Flenji inapaswa kuhesabiwa kwa presha ya maji yaliyosimama. Ndiyo maana pia kwenye miteremko mikali kama ya Meru yanajengwa matenki ya kupunguza presha. Bila hayo, bomba linaloshuka mita 400 bila kupumzika lingekuwa na bar 40 huko chini, na hakuna flenji ya PN 16 ingebaki salama.

Kinachobaki baada ya presha ya maji

Tuchukue bomba la chuma la inchi 6, flenji zake ni PN 16, na presha ya usiku ni bar 8. Zimebaki bar 8. Hizo ndizo akiba ya kubebea mizigo mingine yote: uzito, mvuto, kupinda. Wahandisi huuita mzigo wa aina hiyo mzigo wa nje, kwa kuwa hautoki kwenye presha ya maji yaliyomo ndani.

Njia ya kuugeuza mzigo wa nje uwe presha ilienea kupitia kampuni ya M. W. Kellogg ya Marekani, iliyokuwa ikisanifu viwanda vya mafuta. Iliandikwa katika kitabu chao cha usanifu wa mabomba, ambacho toleo lake la pili lilitoka mwaka 1956. Wazo lenyewe ni rahisi. Bomba linapopinda kwenye flenji, upande mmoja wa gasketi unalegea na wa pili unabanwa zaidi. Tafuta presha ambayo ingeilegeza gasketi yote kwa kiasi kile kile cha upande ulioumia zaidi. Ijumlishe na presha ya maji. Jumla isizidi namba iliyogongwa kwenye flenji.

Kwa vitendo unahitaji kipimo kimoja tu cha flenji: kipenyo cha duara la gasketi. Chukua gasketi ya zamani, tazama alama ya pete iliyobanwa, pima kipenyo cha ukingo wa nje wa pete hiyo na cha ukingo wa ndani, kisha chukua namba ya katikati. Kwa flenji ya inchi 6 ya PN 16, ukingo wa nje ni karibu sentimita 21.2 na wa ndani karibu 16.8. Katikati yake ni sentimita 19.

Sasa zidisha 19 kwa 19 kwa 19. Unapata 6,859. Zidisha kwa 3.14, gawanya kwa 16. Unapata kama 1,346. Gawanya kwa 100 ili kutoka sentimita kwenda mita, na jibu ni 13.5 hivi. Maana yake ni kwamba kila bar moja ya akiba inaruhusu kilo 13 na nusu zikining'inia kwenye mkono wa mita moja.

Mkono ni nini? Mfikirie fundi mwenye spana. Akining'inia kwenye spana fupi, nati haisogei. Akiongeza kipande cha bomba kwenye mpini, kilo zile zile zinaifungua. Nguvu ya kupinda ni kilo mara umbali. Kilo 50 kwenye mita 2 ni sawa na kilo 100 kwenye mita moja.

Kwa akiba yetu ya bar 8, flenji ya inchi 6 inaruhusu 8 mara 13.5, yaani kilo 108 kwenye mkono wa mita moja. Mtu mzima mmoja na nusu akisimama juu ya bomba mita moja kutoka kwenye flenji anaimaliza. Si nyingi kama watu wanavyodhani wakiitazama flenji nene yenye bolti 8.

Bomba dogo linaruhusu kidogo zaidi ya kidogo, kwa kuwa kipenyo kinazidishwa mara tatu. Flenji ya inchi 4 ya PN 16 inaruhusu karibu kilo 5 kwa kila bar ya akiba. Ya inchi 3 ni karibu kilo 3.

Tazama pia presha inavyobadilisha hali. Flenji ile ile ya inchi 6 ikiwekwa mahali ambapo presha ya usiku ni bar 12, akiba ni bar 4 na mzigo unaoruhusiwa ni kilo 54. Ikiwa bar 15, akiba ni bar moja na mzigo ni kilo 13 na nusu. Hiyo ni ndoo ya lita 20 iliyotundikwa sentimita 67 kutoka kwenye flenji. Kwa hiyo mafundi wawili wanaweza kujenga kwa namna moja, mmoja juu ya mlima na mwingine chini kule tambarare, na kazi ya wa chini ikavuja bila yeye kukosea zaidi ya mwenzake.

Korongo

Udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi, na mafuriko ya siku moja yanaweza kuchimba chini ya bomba lililofukiwa miaka kumi. Hapo ndipo mzigo mwingi wa nje unatoka katika maeneo yetu, kwa hiyo tuukalie kidogo.

Bomba la chuma la inchi 6 lenye unene wa kawaida wa milimita 4.5 lina uzito wa karibu kilo 18 kwa mita. Maji yaliyomo yanaongeza karibu kilo 20. Jumla ni kilo 38 kwa kila mita. Likiwa limelala ardhini, ardhi inaubeba uzito huo na flenji haijui chochote.

Udongo ukiondoka upande mmoja wa flenji, na bomba likabaki limechomoza hewani bila kushikwa upande wa pili, nguvu ya kupinda ni uzito wa mita moja mara urefu mara urefu, gawanya kwa 2. Bomba lililochomoza mita 2 linaleta kilo 76 kwenye mkono wa mita moja. Likichomoza mita 2.4 linafika 109, na akiba yetu ya 108 imeisha. Huo ni urefu unaouona kila siku na kupita bila kustuka.

Bomba likivuka korongo na kushikwa na udongo mgumu au zege kingo zote mbili, hali ni nafuu, unagawanya kwa 12 badala ya 2. Korongo la mita 4 linaleta 38 mara 16 gawanya kwa 12, sawa na kilo 51. Korongo la mita 6 linaleta 114, na limeshavuka mpaka kidogo. Hesabu hii ni ya flenji iliyoko ukingoni, mahali bomba linapoingia kwenye korongo. Flenji iliyoko katikati ya korongo hupata nusu ya hiyo, lakini kwa sharti kwamba kingo zimeshika sawasawa. Kingo zikilegea, katikati ndipo panapoumia, nguvu inapanda hadi uzito mara urefu mara urefu gawanya kwa 8, ambayo kwa mita 6 ni kilo 171. Sisi tungeshauri flenji isiwekwe kabisa katikati ya korongo.

Nguzo moja katikati inabadilisha kila kitu. Korongo la mita 6 linakuwa nafasi mbili za mita 3, na nguvu kwenye flenji ya ukingoni inashuka kutoka kilo 114 hadi kilo 28 na nusu, robo tu ya ilivyokuwa. Mradi nguzo hiyo isimame kwenye mwamba au msingi wa kina. Nguzo iliyosimama kwenye udongo ule ule uliosombwa mwaka jana itasombwa tena, na ikizama itaning'inia kwenye bomba badala ya kulibeba.

Flenji yenyewe inakuambia mzigo unatoka wapi. Ifute kwa kitambaa ikauke, kisha tazama tone la kwanza linatokea wapi, kabla maji hayajazunguka. Tone likianza juu ya flenji, bomba linaning'inia mbele yake na kuifungua kwa juu. Likianza chini, flenji yenyewe ndiyo imelegea kuelekea chini, kama ile ya katikati ya korongo. Likitoka duara zima kwa pamoja, hapo ndipo pa kuishuku gasketi au bolti zisizokazwa.

Bomba lililolazimishwa

Mzigo mbaya kuliko yote haumo kwenye korongo wala kwenye mafuriko. Unawekwa siku ile ile ya kufunga bomba.

Hali yenyewe inajulikana. Bomba limeshachomelewa na kushikwa na zege, flenji mbili zimekaribiana lakini matundu hayajakutana, yamepishana kama sentimita moja. Fundi anaingiza mtaimbo, wawili wanavuta, bolti ya kwanza inaingia, nyingine zinafuata. Gasketi inakaa. Maji yanafunguliwa, hayavuji. Kazi inapokelewa.

Piga hesabu. Bomba la chuma la inchi 6 lililoshikwa na zege mita 6 kutoka kwenye flenji, likivutwa kando sentimita moja na kulazimishwa flenji zilale sambamba, linaacha nguvu ya kupinda ya karibu kilo 260 kwenye mkono wa mita moja. Zaidi ya mara mbili ya akiba yetu, na hakuna maji yaliyoongezwa wala udongo ulioondoka. Zege likiwa mita 3 tu kutoka flenji, nguvu inakuwa mara nne ya hiyo. Bolti nane za milimita 20 zinaweza kuvuta hivyo bila shida, na hapo ndipo mtego ulipo. Bolti inaweza kufanya jambo ambalo gasketi haiwezi kulivumilia. Mpira unachoka taratibu upande uliolegea, na baada ya miezi kadhaa usiku mmoja unaanza kutoa maji.

Dawa si kubadilisha gasketi. Dawa ni kukata bomba na kulichomelea upya likiwa limenyooka, au kuweka kiungio cha mpira kinachoruhusu kupishana kidogo. Ni gharama, na tunajua jumuiya nyingi za watumiaji maji hazina fedha ya kuchezea. Lakini jumuiya iliyonunua gasketi nne kwa mwaka kwa flenji moja imeshalipa.

Kuvuta kwa urefu

Mzigo ukivuta bomba moja kwa moja badala ya kulipinda, hesabu ni tofauti kidogo: akiba mara 3.14 mara kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 4. Kwa flenji yetu ni 8 mara 3.14 mara 361 gawanya kwa 4, karibu kilo 2,270. Flenji ni imara zaidi kwa kuvutwa kuliko kwa kupindwa.

Kinachovuta bomba kiasi hicho ni baridi. Chuma hujinyoosha na kujikunja kama sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la juu ya ardhi, tupu, lililofungwa saa nane mchana likiwa limechemka juani, usiku wa Juni hujikunja. Urefu wa mita 50 ukipoa nyuzi 15 unafupika milimita 9. Ncha zikiwa zimeshikwa kabisa na bomba halina kona ya kujinyumbulia, mvuto unafika tani 8 na nusu kwa bomba la inchi 6. Mara nyingi haufiki huko, kwa sababu kuna kona au udongo unateleza kidogo, lakini hata robo yake inakaribia kuimaliza akiba. Flenji ya mwisho ifungwe asubuhi mapema, wakati bomba lina baridi. Bomba la plastiki nyeusi hujikunja mara kumi na zaidi kuliko chuma, ingawa kwa kuwa ni laini nguvu yake si kubwa hivyo. Hilo lilazwe kwa kuyumbayumba mtaroni, lisinyooshwe kama kamba.

Mizigo miwili ikija pamoja, unajumlisha. Tuseme korongo la mita 4, lenye kilo 51 kwenye mkono wa mita moja, pamoja na mvuto wa kilo 500. Kilo 51 gawanya kwa 13.5 ni kama bar 3.8. Kilo 500 mara 4, gawanya kwa 3.14, gawanya kwa 361, ni kama bar 1.8. Ongeza presha ya usiku bar 8. Jumla ni bar 13.6, chini ya 16. Flenji iko salama, lakini imebakiwa na bar 2.4 tu.

Na hizo bar 2.4 zinaweza kuliwa na mtu mmoja anayefunga koki kwa haraka. Maji yanayotembea mita moja kwa sekunde kwenye bomba la chuma, yakisimamishwa ghafla, hupandisha presha kwa zaidi ya bar 10 kwa kitambo kidogo. Kwenye bomba refu hata kufunga kwa sekunde chache bado ni ghafla. Koki ya gurudumu ifungwe polepole, na mizunguko ya mwisho iwe ya polepole zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo inayokata maji.

Pa kuwa mwangalifu na hesabu hii

Hesabu hii ni ya tahadhari. Inachukulia kwamba gasketi yote imeumia kama ule upande ulioumia zaidi, jambo ambalo si kweli. Wanaosanifu viwanda vya mafuta na gesi walilalamika kwa miaka mingi kwamba inawafanya wanunue flenji kubwa bila sababu, na kanuni za vyombo vya presha za chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, ASME, sasa zina njia inayoruhusu mzigo wa nje mkubwa zaidi. Hatuoni kwamba uhuru huo unatufaa sisi. Unadai flenji zenye vipimo vilivyothibitishwa, bolti za daraja linalojulikana na mkazo uliopimwa kwa spana maalumu. Kwenye chemba nyingi za vijijini flenji haina maandishi, bolti zimechanganywa, na gasketi imekatwa kwenye tyubu ya gari. Flenji isiyo na maandishi ihesabiwe kama PN 10, na tyubu isitumike kabisa, ni nyembamba na hukamuliwa nje bolti zikikazwa.

Koki nyingi zina flenji za chuma cha kuumbwa, ambacho hakinyumbuki. Ukikuta inavuja upande mmoja kwa sababu bomba linaning'inia, ukakaza bolti za upande huo kwa nguvu zote, unaweza kuipasua sikio. Kwanza ondoa mzigo: weka jeki au magogo chini ya bomba lirudi mahali pake. Funga maji juu na utoe presha kabla ya kugusa nati yoyote. Halafu kaza kwa msalaba, bolti moja na inayotazamana nayo, kwa awamu tatu au nne. Rudi kesho yake ukague tena, maana mpira hulala.

Na hesabu ya kikokotoo haichukui nafasi ya mhandisi pale bomba linapokuwa kubwa kuliko inchi 6, presha ikizidi bar 10, au bomba likivuka korongo la zaidi ya mita 6. Kwa vijijini wa kumtafuta ni ofisi ya RUWASA ya wilaya, wakala ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Kwa jijini Arusha na maeneo inayohudumia ni mamlaka ya maji, AUWSA. Ukipiga simu ukasema tu flenji inavuja, utaambiwa ubadilishe gasketi. Uwe na haya mkononi: saizi ya bomba na kama ni chuma au plastiki, namba iliyogongwa kwenye flenji na idadi ya bolti, kimo kutoka tenki la juu hadi hapo au presha iliyopimwa usiku, urefu wa bomba lisilogusa ardhi, umbali hadi zege la karibu, na mahali tone la kwanza linapotokea. Piga na picha mbili, moja ya flenji kwa karibu na nyingine ya bomba zima likivuka, ukisimama pembeni ili ionekane kama limezama katikati.